Vigingi Vyekundu vya Mto Nkungulu

Wasikilizaji wapendwa, mchana mwema popote mlipo. Uliye dukani Nyamagana, uliye shambani Magu unachuma pamba, uliye kisiwani na redio yako umeiweka juu ya debe, nakusalimu. Leo sianzi na muziki. Fundi mitambo ameniuliza mara mbili, na mara mbili nimemkatalia. Leo tunamkumbuka mtu.

Amefariki Wilhelmina Kashindye. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Amefariki Wilhelmina Kashindye wa Bugatala, kile kijiji cha ufukweni ukishapita Magu, pale mto Nkungulu unapoingia ziwani. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na minane. Alizikwa Alhamisi. Kijijini walimwita Mayu, yaani mama, na mimi nitamwita hivyohivyo.

Mayu Wilhelmina alikuwa mlinzi wa mto. Msidhani alikuwa na sare. Hakuwa na sare, hakuwa na filimbi, wala hakuna ofisi iliyomwajiri. Alilinda mto kwa miguu yake. Nitaeleza.

Nilimwona mara ya kwanza mwaka tisini na mbili. Wakati ule nilikuwa bado natembea sana, leo Musoma, kesho Geita, maana kukaa mahali pamoja kulinishinda tangu ujana. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua kubwa, mto umejaa. Nikafika kwenye kivuko cha Nkungulu nikamkuta mwanamke amesimama ndani ya maji, yamemfika magotini, kanga ameikusanya mkononi, macho ameyafumba.

Nikasema, "Habari za hapo, mama?"

Akasema, bila kufumbua macho, "Nzuri. Nyamaza kwanza. Wanapita."

"Akina nani?"

"Wenye nyumba."

Nikaketi kwenye jiwe nikalowa mpaka alipotoka. Ndipo akaniambia kwamba waliokuwa wanapita ni ningu.

Ninyi wa mjini mnaojua sangara na sato tu, ningu ni samaki wa ziwa hili, wa asili kabisa, mdomo wake laini umeelekea chini. Anaishi ziwani. Lakini kuzaa hazai ziwani. Mvua kubwa zikinyesha, anaufuata mto, anapanda juu kinyume cha maji, anaruka mawe, mpaka afike mahali pa changarawe safi. Hapo anataga. Halafu anarudi ziwani, na watoto wanafuata baadaye. Ukimzibia njia mwaka mmoja, umekula. Ukimzibia miaka mitatu, umemaliza. Mimi si mtaalamu. Haya nilifundishwa na Mayu, juu ya jiwe lile.

Sasa desturi ya Bugatala ilikuwa hivi. Mvua zikianza, mlinzi anaingia mtoni pale kwenye kivuko, anasimama, anasikiliza kwa miguu. Siku anapohisi ningu wa kwanza wamemgusa, anatoka, anachana jani la ukindu, analifunga kwenye kifundo cha mguu wake wa kulia. Basi. Mto umefungwa. Hakuna tangazo, hakuna ngoma. Ukindu ukiwa mguuni kwa mlinzi, mtu hategi mgono, haweki uzio, hata mtoto harushi ndoano. Ningu wakishataga na kurudi, anaukata ule ukindu, na mto unafunguliwa, na watu wanakula mpaka wanachoka.

Baba yake, Mzee Masalu, alikuwa mlinzi. Mzee yule alizaa mabinti watupu, akamrithisha Wilhelmina. Wapo walionung'unika, mwanamke atalindaje mto. Alilinda miaka thelathini na minne.

Evelina, bintiye, alinisimulia msibani kwamba miezi ya mvua mama yake alikuwa hasalimiwi vizuri. Watu wote walitazama mguu kwanza. Kuna mvuvi mmoja anaitwa Okeyo, Mjaluo, alihamia pale akiwa kijana, mtu wa maneno mengi. Huyo alikuwa akikutana naye sokoni anainama kabisa.

"Shikamoo, Mayu!"

"Marahaba, Okeyo. Lakini mimi niko huku juu."

Sokoni wote wanacheka. Okeyo anakwenda kuanua migono yake.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa mlinzi. Pale penye changarawe. Pale ningu wanapotagia. Bugatala wanapaita chumbani. Kila mtu alijua chumba kipo, juu huko, kwenye matete, lakini hakuna aliyekwenda. Njia aliijua mlinzi, na angemwonyesha mrithi wake akikaribia kufa. Baba yake alimwonyesha akiwa mgonjwa, akabebwa kwenye kitanda cha kamba mpaka mwanzo wa matete, wabebaji wakageukia nyuma, akanyoosha kidole, akarudishwa. Ndivyo walivyokuwa.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, anakuja mtu wa pili katika habari hii. Jina lake Revocatus. Mama yake alikuwa mdogo wake Mayu, akafa mapema, na Mayu akamlea yule mtoto na Evelina wake, sahani moja, mkeka mmoja. Akamsomesha kwa samaki wa kubanika. Revocatus akasoma, akaenda chuo, akarudi bwana samaki, mtu wa idara ya uvuvi. Shati lililopigwa pasi, pikipiki, faili kwapani. Siku ya kwanza alipoingia Bugatala na ile pikipiki, Mayu alipiga vigelegele peke yake, barabarani.

Mwaka tisini na tano Revocatus akaja na habari. Mnakumbuka miaka ile. Kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Biashara huria, wawekezaji, ruksa huku, ruksa kule. Viwanda vya minofu vinajengwa, na watu wenye helikopta wanatafuta dhahabu mpaka kwenye mashamba ya mihogo. Revocatus akasema, mama mkubwa, kuna mradi wa kuhifadhi mazalia ya samaki. Nionyeshe chumbani.

Mayu akakataa.

Akaja tena. Akasema maneno ambayo Evelina aliyasikia, maana alikuwa anapepeta mchele pale pembeni.

"Mama mkubwa, mahali pasipokuwa kwenye ramani, serikali haipaoni. Siku mchimbaji akija, utamwambia nini? Kwamba una ukindu mguuni?"

"Ukindu umetosha tangu babu yako."

"Babu hakuwa na wawekezaji."

Mayu akafikiri mvua mbili nzima. Mwaka tisini na sita, mwezi wa nane, akakubali. Alikubali kwa sababu aliyemwomba alikuwa mtoto wake. Nataka mlishike hilo. Angeomba mtu mwingine, asingekubali mpaka leo.

Akawapeleka. Revocatus na wanaume wawili wenye chombo cha miguu mitatu. Kwenye matete akawaambia wavue viatu, wakavua. Wakapima. Wakapigilia vigingi kumi na viwili, vichwa vimepakwa rangi nyekundu. Wakampa karatasi asaini, karatasi ya Kiingereza. Revocatus akamtafsiria, inasema wewe ndiye mwenyeji, na mahali hapa pahifadhiwe. Wakamletea wino wa dole gumba. Mayu akausukuma pembeni. Alisoma ngumbaru, yeye. Akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, Wilhelmina Kashindye, wakamsubiri jua linawachoma.

Kuanzia siku hiyo akalinda vigingi. Sikilizeni vizuri hapa. Mlinzi wa mto akawa mlinzi wa vigingi. Ng'ombe wakiangusha kigingi, anakisimamisha, na mchungaji anasikia maneno mabaya mpaka ya ukoo wake. Mtu alichukua kimoja akafanya mpini wa jembe. Mayu aliingia mpaka jikoni kwake akakitoa kwenye jembe. Ikaja ile mvua ya mwisho wa tisini na saba, mafuriko yale yaliyobeba madaraja. Yakabeba na vigingi vyote. Maji yalipopungua Mayu akavitafuta ufukweni kimoja kimoja. Akapata tisa, akachonga vitatu, akanunua rangi nyekundu Magu. Akavirudisha kila kimoja kwenye tundu lake, kwa sababu miguu yake iliijua ile ardhi kuliko kile chombo cha miguu mitatu.

Evelina alimsaidia kubeba. Alinambia, "Mama alikuwa anaimba, baba. Mama hakuwa mtu wa kuimba."

Mwaka tisini na nane, mwezi wa sita, mitambo ikaja.

Ikaja kwa barabara waliyoikata kwenye matete. Pampu mbili, katapila moja, mabomba, ngazi za kuoshea mchanga. Mayu akaenda mbio, miaka sitini na saba yule. Akasimama mbele ya msimamizi akamwambia, kijana, umepotea, hapa pamehifadhiwa, tazama vigingi.

Msimamizi akacheka, tena si kwa ubaya, nadhani. Akasema, "Bibi, vigingi ndivyo vilivyotuleta. Vimekaa vizuri sana. Nani alikuwa anavitunza?"

Kumbe ndivyo ilivyo. Changarawe anayoitaka ningu kutagia ndiyo changarawe inayokamata dhahabu ya mtoni. Maji yanayoileta moja huileta na nyingine. Hilo Mayu hakulijua. Aliyesoma chuo alilijua.

Akauliza, Revocatus yuko wapi? Akaambiwa Revocatus hayuko tena idarani. Yuko mjini, Pasiansi, ni mshauri wa kampuni. Kampuni siitaji jina. Imeshafunga virago na kuhamia mto mwingine.

Wakamwonyesha karatasi. Jina lake lipo, herufi zile zile: mwenyeji aliyeonyesha eneo. Neno la kuhifadhi halimo. Wakamwonyesha na karatasi nyingine. Pale zamani palikuwa na kanuni, hatua mia mbili kutoka ukingo wa mto, hakuna kulima, hakuna kuchimba. Kumbe kanuni ilikuwa imelegezwa mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliotangulia, wakati watu wanahangaika na mafuriko. Kutoka hatua mia mbili imekuwa hatua kumi na tano. Narudia. Kutoka mia mbili mpaka kumi na tano. Na hizo kumi na tano, katapila halikuhesabu.

Nani alilegeza? Wakubwa walileta pendekezo, ndiyo. Lakini pendekezo lilipita kwenye mkutano wa kijiji. Nilimuuliza mwenyekiti wa kijiji, Antoni. Mtu mzima, hakunificha.

Alisema, "Mzee, tulisomewa. Tukaambiwa tukikataa, mwekezaji atakwenda kwa wenzetu. Tukaambiwa kutakuwa na kisima na ajira. Tukanyoosha mikono."

"Nani hakunyoosha?"

"Mayu. Siku hiyo hakuwepo. Alikuwa mtoni anarudisha vigingi."

Basi wakaosha changarawe ya chumbani miezi tisa. Maji ya kuoshea yakarudi mtoni na matope yake na zebaki yake. Nkungulu ukawa na rangi ya chai ya maziwa, hata mvua isipokuwepo.

Na kijiji, wasikilizaji wapendwa, kikamgeuka nani? Kilimgeuka Mayu. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi. Njia aliijua yeye peke yake. Wakasema ameuza mto. Wakasema mtoto wake amejenga Pasiansi kwa fedha za nani? Wale walionyoosha mikono ndio waliosema kwa sauti kubwa zaidi. Sokoni samaki wake wa kubanika wakawa hawanunuliwi.

Mwezi wa tatu mwaka huu mvua zikaanza. Mayu akaingia mtoni kama kawaida. Akasimama siku ya kwanza. Akasimama wiki. Akasimama wiki tatu, asubuhi na jioni, maji ya matope magotini, na hakuna kitu kilichomgusa. Hakuna hata mmoja.

Akatembea kijijini mguu mtupu. Na watu wakautazama mguu ule. Okeyo, yule yule wa maneno mengi, akasema mbele za watu, "Mayu, mwaka huu mto uko wazi? Au na ukindu umeuza?" Sokoni wakacheka, lakini si kicheko cha zamani.

Evelina akamsihi. "Mama, funga tu. Wafungie, wanyamaze."

Akasema, "Nitafungaje na sijaguswa? Unataka na mimi niwadanganye?"

Hakufunga. Angefunga, watu wangemsamehe kidogo. Hakufunga. Mwezi wa tano presha ikampanda, upande mmoja ukafa. Hakumtaja ningu tena. Alichotaka ni kitu kimoja: Revocatus aje Bugatala, asimame mbele ya watu, aseme mama mkubwa alidanganywa. Hicho tu. Evelina alipeleka ujumbe Pasiansi mara tatu. Mara ya kwanza alijibu yuko safarini. Mara ya pili alituma sukari kilo tano. Mara ya tatu hakujibu.

Tangazo la kifo mlilisikia redioni humu. Nililisoma mimi. "Habari zimfikie Revocatus wa Pasiansi." Nililisoma Jumanne jioni, Jumatano asubuhi na Jumatano mchana. Mazishi yalikuwa yawe Jumatano. Evelina akasema tumsubiri. Wakasubiri mpaka Alhamisi saa kumi. Shimo limechimbwa, padri anatazama saa. Okeyo ndiye aliyechimba. Alikataa kusaidiwa. Nilimkuta amekaa kwenye lundo la udongo, nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mimi nilimtukana mbele za watu, na sina hakika kama neno lile lilikuwa kweli. Na bado sina hakika, mzee. Hilo ndilo linaloniumiza."

Wakazika. Revocatus hakuja.

Jumamosi nikaenda Pasiansi. Nyumba nzuri, mabati ya rangi, ua umepandwa. Akanipokea vizuri, akanipa soda, akasema, "Mzee, usinirekodi." Sikumrekodi. Lakini pia sikumwahidi kunyamaza, na nilimwambia hivyo kabla hajafungua mdomo. Akafungua.

Alisema mradi wa kuhifadhi ulikuwa wa kweli. Ulikuwepo. Halafu fedha zikaisha, faili zikabaki kabatini, na kampuni ikaja ikiuliza nani ana ramani za changarawe za mito. Akawa nazo. Alisema alipouza ramani mama mkubwa alikuwa bado anasimamisha vigingi, na yeye alijua. Kila alipofika Bugatala alipikiwa ningu, akala, akaaga.

Nikamuuliza, "Ulishindwaje kumwambia?"

Akasema, "Angeving'oa."

Nimezunguka sana nchi hii, wasikilizaji wapendwa. Nimeibiwa stendi, nimesingiziwa, nimeuziwa baiskeli ya mtu. Jibu fupi kama lile sijawahi kupewa.

Akasema, "Mzee, wewe waambie redioni kwamba mama hakujua."

Nikamwambia, "Waambie wewe."

"Mimi nina kazi. Nina watoto."

Basi nasema mimi. Watu wa Bugatala, nisikilizeni. Okeyo, kama redio iko karibu, sikiliza. Wilhelmina Kashindye hakuuza mto. Hakupewa hata senti. Alionyesha chumbani kwa sababu mtoto aliyemlea alimwambia patalindwa. Alisaini karatasi ambayo hakuweza kuisoma, na aliyemsomea alimsomea vingine. Narudia, na nitarudia kipindi kijacho kama kuna aliyesinzia. Hakuuza mto. Hakujua.

Kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa Evelina, kwa wajukuu, kwa ukoo mzima wa Mzee Masalu. Pole kwa Antoni na watu wa Bugatala, ingawa ninyi pole yenu ina maswali ndani yake. Mlioketi mkutanoni mkanyoosha mkono kwa ajili ya kisima, kisima mmekiona? Na wewe unayenisikiliza kwenye mto mwingine, mwenye bwana faili wako anayekuja kuomba aonyeshwe mahali, fikiri kidogo leo. Muulize karatasi hiyo, ikitoka mkononi mwake, inakwenda kwa nani. Muulize hata kama ni mtoto wako. Muulize hasa kama ni mtoto wako. Na mkisikia kanuni ya mto inapunguzwa hatua, nendeni mkutanoni, hata kama kuna mafuriko.

Nina neno moja lililobaki, na si la wote.

Bwana Revocatus, uliye Pasiansi. Tanga linaanuliwa Jumapili hii, baada ya misa. Evelina amesema atakutandikia mkeka. Sikumsikia akisema amekusamehe, nisikudanganye. Amesema mkeka. Watu wote watakuwepo, na njia unaijua. Mimi nimelisema redioni. Lakini mimi si mtoto wake.